Mdogo wangu anasema hisa za duka la Wamarekani zina msimu kama dagaa

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 43, mama wa watoto watatu, naishi Igoma hapa Mwanza. Kazi yangu ni dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Napokea mzigo kutoka visiwani na kuuza kwa magunia kwa wanaopeleka Kongo na Burundi. Shule niliishia darasa la saba, ila kwenye hesabu za biashara hakuna anayenidanganya kirahisi.

Baba yetu alipofariki, mdogo wangu wa mwisho alikuwa darasa la tano. Mimi ndiye niliyemlea. Ada yake ya sekondari yote, na sehemu ya gharama za chuo, imetoka kwenye dagaa. Alimaliza shahada ya biashara miaka minne iliyopita, ajira hajapata, kwa sasa anamuuzia mtu kwenye duka la nguo Makoroboi. Ni kijana mtulivu, hanywi, habeti. Nasema hivyo usije ukadhani nakuletea habari za mikeka.

Mwaka jana alianza kununua hisa kwa simu, za kampuni ya Walmart ya Marekani. Ndilo duka kubwa kuliko yote duniani, anasema, na Wamarekani wakikaribia Krismasi hununua kama wamechanganyikiwa. Alikuja nyumbani, akachukua daftari langu la madeni akanichorea: katika miaka 10, mwezi wa Novemba bei ya hisa hiyo imepanda mara 7. Akaniambia, "Dada, hii ni kama dagaa na mvua. Wewe huwa unaweka magunia ukisubiri mvua. Mimi nasubiri Krismasi yao." Hapo alinigusa, maana ni kweli, nusu ya maisha yangu nimeishi kwa kuvizia msimu.

Aliingia mwishoni mwa Oktoba na shilingi 500,000 zake, akatoka Desemba mwanzoni na 560,000. Akaniletea kitenge. Ile miezi, jioni saa kumi na moja na nusu soko lao lilipofunguliwa alikuwa ameshakaa na simu, na siku nyingine nilimkuta macho mpaka saa sita usiku.

Sasa mwaka huu anataka niweke milioni 3. Mshauri, hizo ndizo hela zangu zote za pembeni. Humo kuna ada ya Januari ya watoto wawili, na kilichobaki ni mtaji wa kununulia mzigo wa giza, wakati mitumbwi inapoingia ziwani. Yeye anasema nisihofu, Desemba mwanzoni zitakuwa zimerudi na faida yake.

Kingine kilichonifanya niandike ni kikoba chetu. Tuko wanawake 24, mweka hazina ni mimi, sanduku liko kwangu, funguo tatu ziko kwa wanachama watatu. Maneno yamefika huko. Sandukuni kuna kama milioni 11, na huwa tunavunja katikati ya Desemba. Mwenyekiti na washika funguo wawili wanasema tuweke nusu kwa huyo kijana wangu, tuvunje kikoba na kitu cha maana mwaka huu. Nikawaambia ngoja kwanza niulize.

Mume wangu ni dereva wa lori, safari ndefu. Vitu vya mtandaoni hataki hata kuvisikia, kuna kimoja kilimlia hela zamani. Hili sijamwambia.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Wiki iliyopita mdogo wangu aliniambia: "Dada, ulinisomesha ili nijue vitu usivyovijua. Sasa nimevijua, unaogopa." Nilikosa jibu. Nikikataa, naona kama naikana elimu niliyoilipia mwenyewe. Nikikubali na mambo yakaharibika, pale Mwaloni nitapitia wapi? Nimzuie, nimuunge mkono, au niweke zangu tu nikae kimya?

Dada Mkubwa, Igoma

*

Marahaba, mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama kwenye yale maneno ya mdogo wako. Nitayarudia mwishoni, maana naona ndiyo yaliyokuandikisha barua. Ila umeuliza pia habari ya msimu, na wewe ni mfanyabiashara, hustahili kujibiwa juujuu. Tuanze na hesabu.

Niruhusu niyapange uliyoandika kama nilivyoyaelewa. Kuna kijana aliyeona kitu kwenye chati, na kitu hicho kipo. Kuna milioni 3 ambazo tayari zina kazi na tarehe ya kazi. Kuna milioni 11 ambazo umekabidhiwa tu kuzilinda. Kuna mume asiyejua. Vyote hivi vimekujia kama swali moja, "nimuamini mdogo wangu au nisimuamini?" Nadhani ndiyo maana umekosa pa kulishikia. Ni maswali manne, na si lazima yote yapate jibu linalofanana.

Mfano wa dagaa na mvua ni mzuri. Mdogo wako aliutumia kukushawishi, na mimi naomba niutumie kukuuliza. Kila mtu pale Mwaloni anajua kwamba mvua zikianza dagaa hawakauki vizuri mchangani, wengi huharibika, na dagaa mkavu hupanda bei. Sasa wewe ukienda kutafuta gunia la dagaa mkavu wingu likiwa limeshatanda, mwenye nalo atakuuzia kwa bei ya kiangazi? Hathubutu. Naye anaiona mvua. Bei atakayokutajia ina mvua ndani yake. Faida ya kweli uliipata zile mara ulizonunua kabla wengine hawajaiona, au mvua ilipozidi walivyotegemea wote. Na nina hakika unakumbuka pia mwaka ambao uliweka magunia, mvua ikachelewa, ukauza kwa hasara.

Krismasi ya Marekani ni mvua ambayo kila mtu duniani anajua tarehe yake. Siku ile ya punguzo kubwa wanayoiita Black Friday huangukia baada ya Alhamisi ya nne ya Novemba, kila mwaka. Wapo watu wenye mabilioni ya dola ambao kazi yao ya kutwa ni kukadiria Walmart itauza kiasi gani, na wanakadiria miezi kabla. Anayemuuzia mdogo wako hisa mwishoni mwa Oktoba anaijua Krismasi kama yeye. Kwa hiyo mauzo yakiwa makubwa, hilo peke yake halipandishi bei. Kinachoipandisha ni mauzo kuzidi yale yaliyotegemewa.

Nikupe mfano ulio kwenye kumbukumbu. Februari 20, 2018, Walmart walitangaza matokeo ya msimu wao wa sikukuu. Mauzo ya mtandaoni nchini Marekani yalikuwa yamekua kwa asilimia 23. Ukisikia hivyo unaweza kusema biashara imewaka moto. Hisa ilishuka takriban asilimia 10 siku hiyo hiyo, kwa sababu robo mwaka ya nyuma yake mauzo hayo yalikua kwa asilimia 50, na watu walitegemea zaidi ya 23. Waliuza zaidi, na bei ikaanguka.

Ipo na nyingine, na hii iko ndani kabisa ya msimu wa mdogo wako. Novemba 16, 2023 kampuni ilitoa matokeo, viongozi wake wakasema wateja wameanza kubana matumizi. Hisa ikashuka karibu asilimia 8 kwa siku moja, na mwezi ukaisha bei ikiwa chini ya ilikoanzia. Mwaka huo ni mmoja kati ya ile mitatu ambayo hakukuhadithia sana alipokuwa anachora kwenye daftari. Mwaka uliofuata, Novemba 20, 2024, ilikuwa zamu ya Target, duka jingine kubwa la huko huko: lilipoteza zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja, siku tisa tu kabla ya Black Friday.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba Walmart si duka la Krismasi kihivyo. Sehemu kubwa ya mauzo yake ya Marekani, kama asilimia 60, ni vyakula na mahitaji ya nyumbani, na watu hula Machi kama wanavyokula Desemba. Mwaka wake wa hesabu huishia Januari 31. Katika ule ulioishia Januari 2024 iliingiza takriban dola bilioni 648, na robo ya sikukuu ilikuwa bilioni 173. Ukigawa, ni kama shilingi 27 katika kila 100, wakati robo ya kawaida ingekuwa 25. Msimu upo, ila ni mdogo kuliko unavyosikika kwenye mazungumzo. Na matokeo yake hutangazwa Februari, wakati mdogo wako ameshatoka zamani. Anachouza yeye Desemba ni matumaini ya watu, Krismasi yenyewe ikiwa bado haijahesabiwa.

Sasa ile mara 7 katika 10. Hapa naomba uchukue kalamu, maana ndipo hata waliosoma sana huteleza. Rusha sarafu mara 10. Kuna nafasi kama 17 katika 100 kwamba kichwa kitatokea mara 7 au zaidi, kwa bahati tu. Ni chache. Lakini mwaka una miezi 12, na mdogo wako alikuwa na miezi yote mbele yake kabla ya kuchagua Novemba. Ukiwapa watu 12 sarafu, kila mmoja arushe mara 10, nafasi ya angalau mmoja wao kupata vichwa 7 au zaidi inafika karibu 90 katika 100. Yaani ungekuta mwezi wa kuvutia hata kama hisa ingekuwa inarukaruka bila sababu yoyote. Baada ya hapo mtu hutafuta hadithi ya kuufaa mwezi huo, na Novemba hadithi yake iko tayari. Sisemi hadithi ni ya uongo. Nasema miaka 10 ni mavuno 10 tu, na wewe usingemkopesha mtu mtaji wako wote kwa kuangalia misimu 10 ambayo mitatu ilikwenda kombo.

Halafu kuna shilingi yetu. Faida ya mdogo wako inazaliwa kwa dola na ada inalipwa kwa shilingi. Miezi ya mwisho ya 2024, dola moja ilitoka karibu shilingi 2,700 ikashuka hadi karibu 2,400. Mtu aliyepeleka hela wakati dola iko juu, akapata faida ya asilimia 10 huko, akazirudisha dola ilipofika chini, alirudi nyumbani na pungufu kidogo ya alichoondoka nacho. Hisa ilimtendea haki, na bado hakuona kitu. Hapo sijahesabu makato ya kutuma na kurudisha.

Kuna jambo la kumuuliza mdogo wako, na umuulize kwa upole, kama mtu anayetaka kuelewa. Anachonunua kwenye ile programu ni hisa yenyewe, au ni mkataba wa kubashiri bei ambao dalali humkopesha ili acheze na kiasi kikubwa kuliko alichonacho? Kwenye skrini vinafanana sana. Mamlaka ya masoko ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye mikataba ya aina hiyo hupoteza hela. Kama ni hisa yenyewe, bei ikishuka asilimia 8 umepoteza asilimia 8. Kama ni mkataba wenye mkopo wa mara kumi, kushuka huko huko kunaweza kufuta karibu kila kitu kabla hujamaliza kupima gunia. Muulize pia kama anayewapa huduma hiyo ana leseni, na ya nani. Hapa kwetu mwenye kujibu ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na ofisi za umma huulizwa bure.

Nimtendee haki naye. Kumiliki kipande cha kampuni kubwa inayofanya kazi ni biashara halali na ya heshima. Walmart imekuwa ikipandisha gawio lake, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, kila mwaka tangu 1974. Mtu aliyenunua akatulia miaka mingi, akavumilia siku kama ile ya Mei 17, 2022 iliposhuka zaidi ya asilimia 11, hakujuta. Ila huyo alikuwa na hela isiyodaiwa. Mdogo wako amejifunza kitu cha kweli. Kuingia Oktoba na kutoka Desemba ni biashara nyingine, na hela yenye ada ndani ni hela nyingine kabisa.

Pia usijitulize kwa neno "duka kubwa". Uchumi, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilikuwa na jina Afrika Mashariki nzima. Ilifungwa 2006 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa madeni, ikarudi soko la hisa la Nairobi 2011, mwaka 2014 hisa zake zikaandikishwa hata Dar es Salaam, na 2015 ikafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Krismasi zilikuja miaka yote hiyo.

Sasa turudi kwenye njia ulizotaja. Ukimzuia kabisa, hela zako zitabaki salama, lakini nahofu ataendelea peke yake na kimya kimya, na siku akiumia hutajua. Ukimpa milioni 3 zote, anaweza kufanikiwa, na hiyo nayo ina hatari yake, kwa sababu mwakani atataka milioni 6 na hutakuwa na la kumwambia. Asipofanikiwa, utakayemwangalia usoni Januari ni mtoto aliyerudishwa shule. Njia ya kati, ya kuweka kidogo na kukaa kimya, ina mvuto, ila ona kilichofichwa ndani yake: kimya. Kwa mume, na kwa wanawake 24.

Kuna namna nyingine hukuitaja. Unaweza kumpa kiasi ambacho kikipotea chote mtacheka baadaye, ukamwambia wazi ni cha kujifunzia ninyi wawili, kisha kila Jumapili akuletee daftari: alinunua lini, dola ilikuwa bei gani, makato yalikuwa kiasi gani, leo kimebaki nini. Hatari ni kwamba kidogo kikifaulu hushawishi kuliko kikubwa. Zile 60,000 na kitenge zimeshakufundisha hilo. Au mnaweza kuangalia vitu vya hapa hapa, hisa za soko la Dar es Salaam au mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, ambako hakuna suala la dola na ofisi ipo ya kwenda kuulizia. Navyo hupanda na kushuka, na hisa za hapa wakati mwingine mnunuzi hapatikani haraka. Kwa hela ya Januari hata hizo zinahitaji tahadhari.

La kikoba nitalisema kwa ufupi, kwa sababu naona moyoni unalijua. Kati ya wale 24 wapo wanaosubiri mgawo wa Desemba kwa ajili ya bati, kwa ajili ya sare za shule, na hawakuwepo mwenyekiti alipotoa wazo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi kama chenu, daraja la nne, na kikundi chenu bila shaka kina katiba. Isome kwa sauti kikao kijacho, wote wakiwepo. Muulize kila mmoja, hata anayekaa nyuma, kama yuko tayari kupokea pungufu. Lile sanduku liliwekewa funguo tatu ili uamuzi mzito usimwelemee mtu mmoja. Naona wewe umeshaanza kuubeba peke yako, na anayesimamia hela ni mdogo wako wa damu. Wema wenu wote wawili hautawasaidia siku ambayo mtu ataanza kunong'ona.

Mume wako nadhani ungemwambia kabla hujaamua. Huenda atapiga kelele. Lakini mtu aliyewahi kuliwa hela mtandaoni anajua maswali ambayo mimi na wewe hatuyajui, na pengine hajawahi kupata mtu wa kumsimulia vizuri kilichompata.

Nimebaki na yale maneno. "Ulinisomesha ili nijue vitu usivyovijua. Sasa nimevijua, unaogopa." Yamekuuma kwa sababu nusu yake ni kweli: ulimsomesha ajue usiyoyajua. Lakini mama, ni nani aliyesema hofu yako ni ujinga? Umekaa sokoni tangu akiwa mtoto. Umeona bei ikimgeuka mtu aliyekuwa na uhakika. Hicho nacho ni kisomo, na yeye ndicho asichonacho bado, kwa sababu msimu wake mmoja aliouona ulikuwa mzuri. Halafu jiulize na yeye anasema nini chini ya maneno hayo. Kijana mwenye shahada, miaka minne anakunja nguo za mwenye duka, pengine anachotafuta kwako kuliko milioni 3 ni siku moja ambayo atakuwa amekulipa. Kama ndivyo, zipo njia za kumwacha akulipe ambazo hazipiti soko la hisa la New York. Nani anakufanyia hesabu za magunia? Nani anafuatilia bei za Kongo na Burundi kwenye simu kabla mzigo haujaondoka? Sijui kama angependa. Ungemuuliza.

Mbalamwezi ikija mitumbwi ikalala na kazi ikapoa, mwite nyumbani aje na ile chati. Mwambie akuoneshe ile miaka mitatu iliyoshuka, mmoja mmoja, na akueleze siku ile ya Novemba 2023 angefanya nini akiwa ameshika ada ya wapwa zake. Msikilize mpaka amalize. Kisha mwoneshe na wewe kwenye daftari lako ule mwaka mvua ilipochelewa.

Na ukishakaa naye, niandikie tena.